Ugali Haupiti Bure

Kuna neno limezoeleka mjini, na wanaolisema hulisema kwa uhakika wa mtu aliyelisomea. Husikika harusini, pale mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito anaposita mbele ya sinia la pilau: “Kula bwana, wewe wanga haukudhuru tena, unapita tu.” Husikika saluni, husikika kwenye magrupu ya WhatsApp, na hata baadhi ya wahudumu wa afya, ambao walitakiwa kujua zaidi, hulirudia. Maana yake ni kwamba daktari akishaukata mfuko wa chakula au kuubadilishia utumbo njia, basi ugali, wali na chapati havimeng'enywi tena. Vinaingia juu, vinatokea chini, na ndiyo sababu sukari ya damu hushuka. Kisukari kimekwisha, tule.

Nalipinga neno hili lote, kichwa na mkia. Baada ya upasuaji wanga unaendelea kumeng'enywa, karibu wote, kama ulivyokuwa ukimeng'enywa kabla. Tena kwa wengi unaingia kwenye damu upesi kuliko zamani. Upasuaji unashusha sukari kwa sababu nyingine kabisa, na asiyezijua sababu hizo atakula vibaya, atameza dawa vibaya, na ipo siku ataanguka sokoni watu waseme amepagawa.

Niondoe shaka moja mapema. Sina ugomvi na upasuaji wenyewe. Kwa mtu mnene mwenye kisukari cha aina ya pili kilichozishinda dawa, ni miongoni mwa tiba zenye matokeo makubwa kuliko zote tulizonazo, na mwaka 2016 vyama vingi vya kitabibu vya kimataifa viliuidhinisha kuwa sehemu ya tiba ya kisukari, wala si jambo la urembo. Ugomvi wangu ni na maelezo tunayoyatoa kuuhusu.

Maelezo hayo hayakuzuka tu. Katika miaka ya 1950 na 1960 madaktari wa Marekani walikuwa wakiunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na mwisho wake, mita kadhaa za katikati zikabaki bila kazi. Hapo chakula kilikuwa kikipita kweli. Wagonjwa walikonda, lakini waliharisha mfululizo, wakapata mawe ya figo, na maini ya baadhi yao yakashindwa kazi. Kufikia miaka ya 1980 upasuaji huo ulikuwa umetupwa. Mwaka 1966 Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alikuwa ameshaanza njia nyingine, ambayo ndiyo mzazi wa upasuaji wa mchepuo, ule wa kuubadilishia utumbo njia, tunaoujua leo. Nicola Scopinaro wa Genoa, Italia, akabuni wa kwake miaka ya 1970, ambao humwachia mtu kipande kifupi mno cha utumbo, sentimita 50 hivi, ambamo chakula hukutana na maji ya kongosho na nyongo. Huo hadi leo hupoteza virutubisho, mafuta hasa, na ndiyo maana hufanywa kwa nadra.

Kutokana na historia hiyo vitabu vya udaktari viligawa upasuaji makundi mawili: unaobana nafasi ya chakula, na unaozuia chakula kufyonzwa. Mchepuo ukawekwa katika makundi yote mawili. Wanafunzi wakakariri, wakafaulu mitihani, wakawaelezea wagonjwa, na wagonjwa wakaja kutuelezea sisi. Hivyo jambo lililokuwa kweli kwa upasuaji uliokwisha kuachwa likavishwa upasuaji ambao halikuuhusu.

Sasa tufuate tonge la ugali linakokwenda, maana hapa ndipo hoja nzima inapoangukia. Wanga huanza kuvunjwa mdomoni na kimeng'enya cha mate kiitwacho amilesi. Ukifika kwenye mfuko wa chakula hukuti mfanyakazi mpya wa wanga. Mfuko wa chakula hauna kimeng'enya chake cha kuvunja wanga, na asidi yake huizima hata ile amilesi iliyotoka mdomoni. Kazi kubwa hufanyika mbele zaidi, kwenye utumbo mwembamba, ambako kongosho humwaga amilesi kwa wingi, na vimeng'enya vilivyo kwenye ukuta wa utumbo humalizia kwa kugeuza vipande vilivyobaki kuwa glukosi. Glukosi hiyo hufyonzwa papo hapo na kuingia damuni.

Ukishaelewa hivyo, tazama daktari alikata nini. Katika upasuaji wa kukata mfuko wa chakula, ule unaofanywa zaidi duniani siku hizi na unaopendwa sana Ghuba, huondolewa kama robo tatu ya mfuko au zaidi kidogo na kubaki mrija mwembamba. Utumbo haukuguswa hata sentimita moja. Kongosho lipo, mate yapo, ukuta wa utumbo upo na vimeng'enya vyake vyote. Kilichoondolewa ni kiungo ambacho hakikuwa kikimeng'enya wanga tangu mwanzo. Mtu anayesema wali haumeng'enywi baada ya upasuaji huu atuonyeshe ni kiungo gani kilichoacha kazi.

Mchepuo unahitaji maelezo marefu zaidi. Daktari hutengeneza kifuko kidogo juu ya mfuko wa chakula, chenye ujazo wa mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya chakula. Kisha huukata utumbo mwembamba, akapandisha ncha ya chini na kuiunga na kifuko hicho. Mfuko mkubwa wa zamani hubaki mahali pake bila kupokea chakula, lakini maji ya nyongo na kongosho huendelea kutiririka kupitia kipande cha utumbo wa juu, hadi yanapokutana na chakula sentimita 100 au 150 hivi chini ya kile kifuko. Kutoka hapo kwenda mbele bado zipo mita kadhaa za utumbo mwembamba mzima. Basi linalopita barabara ya mchepuo halishushi abiria porini. Linafika nao wote, tena mapema.

Wapo waliopima jambo hili badala ya kulikisia. Mwaka 2010 watafiti wa Dallas, Texas, walichapisha kazi ambayo si ya kupendeza kuisimulia mezani: waliwachukua wagonjwa tisa, wakapima kila walichokula na kila kilichotoka chooni, kabla ya mchepuo na baada yake. Mafuta yaliathirika kweli. Kabla ya upasuaji miili yao ilikuwa ikifyonza asilimia 92 ya mafuta waliyokula, na miezi mitano baadaye asilimia 72. Lakini wanga? Hakukuwa na badiliko la maana. Walipojumlisha hesabu yote ya nishati ambayo miili ya watu hao ilikuwa imeacha kupata, sehemu iliyotokana na chakula kutofyonzwa ilikuwa asilimia 6 baada ya miezi mitano na 11 baada ya miezi kumi na minne. Iliyobaki yote ilitokana na jambo moja tu: walikuwa wanakula kidogo. Kumbuka pia kwamba wagonjwa wale walifanyiwa mchepuo wenye kipande kirefu kuliko kawaida. Kama wanga ulikuwa na nafasi ya kupita bure mahali popote, ilikuwa pale.

Kilichobadilika ni kasi. Mtu mwenye mfuko wa chakula kamili ana mlango wa msuli mwishoni mwa mfuko huo, nao huachia chakula kidogo kidogo kwenda utumboni, kalori chache kwa dakika. Aliyefanyiwa mchepuo hana mlango huo njiani. Uji alioumeza unatua utumboni ndani ya dakika chache, wote kwa mkupuo. Glukosi hufyonzwa haraka, na sukari ya damu inapanda ghafla hadi kileleni katika nusu saa hivi, mara nyingi juu kuliko kilele cha mtu wa kawaida. Halafu inashuka kwa kasi ile ile. Ukiuangalia mstari wa kipimo chake, unakuta mlima mwembamba wenye ncha, mahali ambapo mtu mwingine angekuwa na mwinuko wa polepole. Huo si mstari wa mtu ambaye wanga wake umepita bila kuguswa.

Kinachoushusha mlima huo ni insulini, na kinachoiita insulini kwa wingi ni homoni ya utumbo iitwayo GLP-1. Seli zinazoitoa zimejaa zaidi sehemu za chini za utumbo, ambako kwa mtu wa kawaida chakula kingi hakifiki, kwa kuwa kimeshafyonzwa juu. Baada ya mchepuo chakula huzifikia seli hizo kwa wingi na upesi, nazo huachia GLP-1 mara kadhaa ya kiwango cha zamani, pengine hata mara kumi. Hiyo ndiyo homoni inayoigizwa na sindano za semaglutide zinazozungumzwa kila kona. Aliyefanyiwa mchepuo anaitengeneza mwenyewe kila anapokula.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa mgonjwa mmoja tu. Mwaka 2010 madaktari wa Hvidovre, kando ya Copenhagen, walieleza habari za mgonjwa wa kisukari aliyefanyiwa mchepuo wiki tano kabla, na ambaye alikuwa amewekewa bomba la kumlishia kwenye ule mfuko wa zamani uliobaki bila kazi. Wakaona hiyo ni bahati. Wakampa chakula cha maji kwa mdomo, kikapita njia mpya. Siku nyingine wakampa chakula kile kile kupitia bomba, kikapita njia ya zamani. Kilipopita njia mpya, GLP-1 iliruka juu na saa mbili baadaye sukari yake ilikuwa ya kawaida. Kilipopita njia ya zamani, saa mbili baadaye sukari yake ilikuwa bado ya mgonjwa wa kisukari. Ni mwili ule ule na uzito ule ule. Chakula kilikuwa kimoja na kilifyonzwa mara zote mbili. Tofauti ilikuwa ni wapi kilianza kuugusa utumbo, na homoni gani ziliamka.

Hapo wapinzani wangu hutoa karata yao ya turufu. Wanasema: sukari hushuka siku chache tu baada ya upasuaji, mtu hajakonda bado, kama si wanga kutofyonzwa, ni nini? Na ni kweli hushuka. Mwaka 1995 Walter Pories na wenzake wa Greenville, North Carolina, walitoa matokeo ya wagonjwa 608 waliofuatiliwa kwa miaka 14. Kati ya 146 waliokuwa na kisukari, 121 walirudi kwenye sukari ya kawaida. Wengine waliacha insulini ndani ya siku chache, kabla hata nguo hazijaanza kupwaya.

Jibu lake ni rahisi kiasi cha kukera: mtu huyo hali. Wiki za kwanza baada ya upasuaji anaishi kwa supu, maziwa na maji, kalori mia chache kwa siku. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza, aliwachukua watu 11 wenye kisukari, akawalisha kalori 600 hivi kwa siku kwa wiki nane bila kisu chochote. Ndani ya siku saba sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa imerudi kawaida, na mafuta yaliyojaa kwenye ini yalikuwa yameanza kuondoka. Dallas tena, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa kumi waliwekwa hospitalini kwa siku kumi wakila kile hasa ambacho hula mtu aliyetoka kufanyiwa mchepuo. Wakarudishwa nyumbani, wakala kama kawaida yao, kisha wakafanyiwa upasuaji na kulishwa chakula kile kile kwa siku zile zile. Mlo peke yake ulishusha sukari sawa na mlo pamoja na kisu, au zaidi. Kwa hiyo siku za mwanzo ni njaa inayofanya kazi. Wanga haujaingia mdomoni, sembuse kupita.

Ipo kambi nyingine, ya waliosoma zaidi, nayo sitaiacha. Hawa hawasemi wanga unapita. Wanasema utumbo ukibadilishiwa njia huponya kisukari wenyewe kwa homoni, na kupungua uzito ni nyongeza. Hospitali nyingi za biashara hulipenda neno hili kwa sababu linauzika. Mwaka 2020 Samuel Klein na wenzake wa St. Louis waliwalinganisha watu 11 waliopungua asilimia 18 hivi ya uzito wao kwa mchepuo na 11 waliopungua kiasi hicho hicho kwa mlo. Usikivu wa mwili kwa insulini uliongezeka sawa, na kongosho lilipata nafuu sawa. Tofauti kubwa ilibaki ile ile ya kasi baada ya kula. Msimamo wangu ni huu: homoni zinamsaidia mtu kushiba mapema na kuita insulini mezani, kama tulivyoona Hvidovre, lakini kinachoondoa ugonjwa kwenye ini na misuli ni kupungua uzito na kubaki umepungua. Upasuaji una sifa ya kumfanya mtu aweze kupungua bila kupigana na njaa kila saa, jambo ambalo wengi wetu tumeshindwa kwa nia peke yake. Sifa hiyo inatosha. Haihitaji kupambwa. (Kuna utafiti wa panya, wa Boston mwaka 2013, ulioonyesha kwamba kipande cha utumbo kilichohamishwa huwa kinene na kuanza kutumia glukosi nyingi chenyewe. Unavutia sana, lakini hata humo hakuna aliyesema wanga ulipita bure.)

Mtu atauliza, kuna ubaya gani watu wakiamini maelezo yasiyo sahihi ilhali sukari imeshuka? Upo ubaya mkubwa.

Tuseme ni mama wa miaka arobaini na kitu, muuza vitenge, aliyefanyiwa mchepuo miaka miwili iliyopita. Amepungua, anapendeza, amesahau vidonge. Saa nne asubuhi anakunywa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili laini. Si chakula kingi, na ameambiwa wanga haumpati. Ndani ya nusu saa sukari yake iko juu sana. Insulini inafurika kuikabili. Ikifika saa sita kasoro, glukosi yote imeshafyonzwa na kwisha, lakini insulini bado inafanya kazi. Jasho jembamba linamtoka kwenye paji la uso, mikono inatetemeka anapohesabu chenji, maneno yanamkorofisha, macho yanaona ukungu. Jirani wa meza anasema ni presha. Mwingine anasema ni jicho la watu, tangu akonde wanamuonea wivu. Wa tatu anamletea soda ya baridi, ambayo inamzindua kwa nusu saa na kumrudisha pale pale mchana.

Hali hii inajulikana. Mwaka 2005 F. John Service na wenzake wa Mayo Clinic walieleza habari za wagonjwa sita waliokuwa wakipatwa nayo baada ya mchepuo, wakichanganyikiwa na hata kupoteza fahamu baada ya kula, na wakati huo waliwakata sehemu ya kongosho. Leo kisu hicho ni cha mwisho kabisa kufikiriwa. Huanza kwa kawaida mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, saa moja hadi tatu baada ya mlo wenye wanga mwepesi au sukari. Siyo sawa na ile ya mapema, ya moyo kwenda mbio, tumbo kusokota na kuharisha dakika chache baada ya kula kitu kitamu, ambayo huwapata wengi miezi ya mwanzo na kwa kawaida hupungua.

Na tiba yake? Ya kwanza ni mlo: wanga usizidi gramu 30 hivi kwa mlo mmoja, tena ule unaovunjika polepole. Mlo ukishindwa, dawa mojawapo inayotumika ni akabosi, ambayo kazi yake ni moja, kuvizuia vimeng'enya vya ukuta wa utumbo visivunje wanga haraka. Hapa nawauliza wale wa “unapita tu”: kama wanga ungekuwa haumeng'enywi kwa watu hawa, dawa ya kuchelewesha mmeng'enyo wa wanga ingewafaa nini?

Kwa anayepatwa na hali hiyo, na kipimo cha sukari kikaonyesha chini ya 3.9 mmol/L, ni kweli anahitaji sukari ya haraka, gramu 15 hivi, yaani vijiko vitatu vya chai kwenye maji kidogo. Lakini isiishie hapo. Akishatulia ale yai, karanga au kipande cha samaki, ili asirudi bondeni. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Dereva wa daladala au wa bodaboda mwenye dalili hizi aache usukani hadi atakapoonana na daktari.

Upande wa dawa uongo huu unauma vibaya zaidi, kwa njia mbili zinazopingana. Wapo wanaoendelea kumeza glibenklamaidi au kujidunga insulini ya kipimo cha zamani, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba kipimo hicho kilikuwa cha mtu mwingine, yule waliyekuwa kabla. Wanashuka sukari wiki ya kwanza. Na wapo wanaotupa kila kitu jalalani, pamoja na kadi ya kliniki, kwa kuwa wamepona. Hata vipimo vinabadilika. Mjamzito aliyefanyiwa mchepuo akipewa ile chupa ya glukosi gramu 75 ya kupimia kisukari cha mimba, anaweza kutapika, kutetemeka na kuanguka hapo hapo kwenye benchi, na majibu yasiwe na maana yoyote. Yeye hupimwa kwa kutoboa kidole nyumbani kwa siku kadhaa. Muuguzi ambaye hakuambiwa historia hawezi kujua, na mama anayeamini wanga haumpati hataona sababu ya kumwambia.

Kuhusu kupona, takwimu ndizo zinazosema. Utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia waliofanyiwa upasuaji, wengi wao kwa njia za zamani za kubana mfuko. Miaka miwili baadaye asilimia 72 ya waliokuwa na kisukari hawakuwa nacho tena. Baada ya miaka 15 walibaki asilimia 30. Huko Cleveland, Marekani, Philip Schauer na wenzake waliwagawa kwa kura wagonjwa 150 wenye kisukari kilichokaidi dawa. Mwaka wa tano, waliofikia lengo la sukari lililowekwa walikuwa asilimia 29 kwa mchepuo, 23 kwa kukatwa mfuko, na 5 kwa dawa peke yake. Nisomeni vizuri: upasuaji umeishinda dawa kwa mbali. Lakini asilimia 29 maana yake ni kwamba wengi hawakufika huko, na waliofika hawajapewa hati ya maisha. Kisukari kilicholala huamka, hasa uzito ukirudi. Na uzito hurudi kwa njia ambayo tumbo dogo haliwezi kuiziba. Linazuia kilo ya nyama choma. Halizuii soda ya mililita 300 yenye gramu 30 na ushei za sukari, wala bilauri ya juisi ya miwa, ambazo huteleza kama maji na kufyonzwa zote.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina sura yake. Wengi hufanyiwa nje, India hasa, na jamaa zetu wa Muscat na Dubai hufanyiwa huko huko waliko. Mtu hurudi na bahasha ya karatasi za Kiingereza ambazo kliniki ya wilayani kwake haitaziona. Wengine huchanganya upasuaji na puto linalowekwa Mloganzila, Dar es Salaam. Puto hukaa ndani ya mfuko wa chakula kwa miezi kadhaa na kutolewa. Halikati wala kuhamisha chochote, na lake kuhusu wanga ni hili tu, kwamba unashiba upesi. Kisha kuna vyakula vyetu vya huruma. Mgonjwa akitoka hospitali, ndugu humjia na chupa ya uji laini wa sukari, kwa kuwa uji ni chakula cha mgonjwa. Kwa aliyefanyiwa mchepuo hakuna chakula kibaya zaidi ya hicho: wanga uliopikwa ukalainika kabisa, wa majimaji, wenye sukari juu. Ukifika Ramadhani, futari inamngoja na tende, uji, tambi za sukari, kaimati na juisi ya ukwaju, vyote ndani ya robo saa, juu ya utumbo uliokaa mtupu mchana kutwa. Anayetaka kufunga aonane kwanza na daktari wake, na mwaka wa kwanza wengi huambiwa wasubiri. Akiruhusiwa, afungue kwa maji na tende moja, aende akaswali, arudi aanze na samaki au kunde.

Uliyefanyiwa upasuaji, mpangilio wa sahani yako sasa una uzito kuliko ulivyokuwa kabla. Anza na kitoweo: nyama, samaki, yai, maharage. Fuata mboga. Wanga uje mwisho, kidogo, na uwe mgumu kuvunjika kuliko laini: dona badala ya sembe, kiazi kitamu badala ya mkate mweupe. Maji na chai vikae mbali na chakula kwa nusu saa. Kadi ya kliniki usiitupe. Macho, figo na miguu vinapimwa kila mwaka hata sukari ikiwa nzuri, pamoja na wingi wa damu na vitamini B12.

Na wewe daktari unayemruhusu mgonjwa kesho asubuhi, usimwache aondoke na neno la mtaani. Mwandikie kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja, dawa zipi ameacha na zipi zimepunguzwa, kwamba wanga wake anaumeng'enya karibu wote, sukari ikishuka afanye nini, na arudi lini kupimwa.